Anne Elliot haongei: riwaya ya Persuasion na filamu zake mbili

Mwanzilishi wa uzi, Kisumu

Wapenzi wa vitabu na filamu, hamjambo. Naomba mnivumilie kwa uzi huu mrefu, kwa kuwa jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu Jumamosi na sikuliona likienea katika aya mbili. Kikundi chetu cha wasomaji, ambacho hukutana nyumbani kwa mmoja wetu huku Milimani, kilimaliza kusoma Persuasion ya Jane Austen, kisha tukatazama filamu mbili zilizotokana nayo: ile ya mwaka 1995 ambayo mwelekezi wake ni Roger Michell, na ile ya mwaka 2022 ambayo mwelekezi wake ni Carrie Cracknell. Tulibishana hadi langoni. Wengi walishikilia kwamba ile ya 2022 ndiyo iliyowachangamsha. Mimi nilishikilia kwamba ile ya 1995 ndiyo iliyokielewa kitabu, na giza likaingia kabla sijamaliza hoja yangu. Namalizia hapa.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Anne Elliot ni binti wa kati wa Sir Walter, bwana wa jumba la Kellynch huko Somerset, mtu ambaye kitabu pekee anachokifungua kwa raha ni orodha ya wenye vyeo ambamo jina lake mwenyewe limo. Akiwa na miaka 19, Anne alichumbiwa na Frederick Wentworth, ofisa kijana wa jeshi la majini ambaye hakuwa na mali wala jamaa wa kumshika mkono. Baba yake hakukataa waziwazi ila alinuna tu. Aliyeuvunja uchumba hasa ni Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, mwanamke ambaye Anne alimpenda na kumsikiliza kama mzazi. Miaka minane inapita. Anne sasa ana miaka 27 na urembo wake umefifia. Sir Walter amezama katika madeni hata ikambidi alipangishe jumba, na mpangaji ni Admirali Croft, ambaye mkewe ni dada yake Wentworth yuleyule. Wentworth anarudi akiwa kapteni mwenye pauni 25,000, anatafuta mke, na kinyongo hakijamtoka.

Sidhani kama msomaji wa huku kwetu anahitaji kufafanuliwa Lady Russell ni nani. Tumemwona. Ni shangazi, au mama mdogo, au yule rafiki wa mama aliyekulipia karo ya muhula mmoja wakati nyumbani hapakuwa na kitu. Hakuchukii hata kidogo. Anakuita kando, anakushika mkono, anakuuliza kwa upole: mwanangu, kijana ni mzuri, lakini ana nini? Ni mwalimu wa BOM, analipwa na bodi ya shule tu, TSC, tume ya kuajiri walimu, hawajamwajiri, na wadogo zake watano wanamtegemea. Utaishi vipi? Swali hilo ni la haki, na kwa sababu linaulizwa na mtu anayekupenda, huna namna ya kulikasirikia. Austen aliielewa nguvu hiyo vizuri sana, nguvu ya ushauri unaotoka kwa mtu mwema, ndiyo maana hakumfanya Lady Russell kuwa mbaya.

Sasa niingie kwenye hoja. Katika sura nyingi za mwanzo Anne hasemi karibu lolote, na akisema hapana anayesikiliza. Msimulizi anatuambia mapema kwamba neno lake halikuwa na uzito nyumbani, kwamba alikuwa Anne tu. Mapenzi yake kwa Wentworth hayaelezwi kwa maneno anayomwambia mtu yeyote. Tunayapata katika yale anayoyasikia bila kukusudia, katika chumba anachotoka haraka, katika piano anayoipiga ili wengine wacheze, huku machozi yakimlengalenga. Anaambiwa na mdogo wake Mary, kama habari ya kawaida tu, kwamba Wentworth amesema Anne amebadilika kiasi kwamba asingemtambua. Hajibu. Msimulizi huingia kichwani mwake na kutoka bila kubisha hodi, hivyo sisi wasomaji tunajua kila kitu wakati waliomo chumbani hawajui chochote. Hapo ndipo ulipo utamu wa kitabu, na hapo ndipo mwelekezi wa filamu anapopata taabu, kwa maana kamera haina mlango wa kuingilia kichwani mwa mtu.

Nichukue onyesho moja nilitazame kwa karibu. Limo katika sura ya 9. Anne amepiga magoti kando ya kochi akimuuguza mtoto wa Mary aliyeanguka na kuumia. Wentworth anaingia bila kutarajia kumkuta, anaduwaa, anaenda kusimama dirishani. Anaingia mwanamume mwingine, Charles Hayter, anaketi na gazeti lake. Halafu anaingia mtoto wa pili, Walter, wa miaka miwili, mtundu kama watoto wote wa umri huo, naye anamrukia Anne mgongoni na kumng'ang'ania shingoni. Anne anambembeleza, anamwamuru, anamsukuma. Mtoto anarudi kwa furaha zaidi. Hayter anamkemea mtoto pale pale alipoketi, asinyanyuke. Kisha Anne anahisi mzigo unaondoka. Kuna mtu anaifungua ile mikono imara ya mtoto shingoni pake, na mtoto amekwisha kuchukuliwa kabla hajatambua kwamba aliyemchukua ni Wentworth. Anne hawezi hata kusema asante. Naye Wentworth anaanza kucheza na mtoto kwa kelele, makusudi, ili asishukuriwe.

Ni hayo tu. Hakuna neno lililosemwa kati yao mtoto aliposhushwa. Kwetu sisi ambao kila siku tunamwona mtoto mgongoni mwa mama sokoni Kibuye, ni rahisi kulipita onyesho hili kana kwamba si kitu. Lakini fikirini: kwa miaka minane mtu huyu hajamgusa, na anapomgusa mara ya kwanza anafanya hivyo kupitia mikono ya mtoto wa mtu mwingine, bila kumtazama usoni, na anachomfanyia ni kumtua mzigo.

Filamu ya 1995 inalihifadhi onyesho hilo, na inaliacha lipite kwa ukimya wake. Amanda Root, anayemwigiza Anne, hana maneno, ana uso tu. Michell aliwapiga picha waigizaji wake wakiwa karibu hawana vipodozi, nywele zao zikiwa kama za watu waliotoka kazini, na vyumba vyao vya jioni vikiwaka mishumaa. Kwa hiyo uso unapobadilika rangi, unaona. Ciarán Hinds, ambaye ni Wentworth, naye ana uso mzito wa mtu aliyepigwa na upepo wa bahari, tofauti kabisa na wale vijana walionyolewa vizuri tunaowazoea katika filamu za mapenzi.

Niseme jambo la nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Dada yangu mkubwa aliketi nasi Jumamosi, ingawa yeye si mwanakikundi. Alikuja kusaidia kupika chai akabaki. Zamani alikuwa na mchumba, na watu wazima wa kwetu, watu wema, walimshauri amwache, naye akamwacha. Habari hiyo haizungumzwi kwetu. Mtoto alipokuwa anashushwa mgongoni kwa Anne, dada aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda navyo jikoni. Filamu ya 2022 aliitazama hadi mwisho, akacheka mahali pa kucheka, akasema ni nzuri. Nililinganisha mambo hayo mawili usiku kucha.

Kwa sababu filamu ya 2022 iliamua kulitatua lile tatizo la ukimya kwa kumpa Anne mdomo. Dakota Johnson anaigeukia kamera na kuzungumza nasi moja kwa moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Anatuonyesha sanduku la kumbukumbu za mapenzi yake. Amejilaza kitandani na chupa ya mvinyo na sungura wake, anawasengenya jamaa zake kwetu, anatukonyeza. Kuna mahali amejichora masharubu kwa jamu akimwigiza Wentworth, na Wentworth mwenyewe akatokea. Kuna mahali yuko mezani na wageni akaropoka kwamba Charles Musgrove, mume wa Mary, alitaka kumwoa yeye kwanza. Habari hiyo ni ya kweli kitabuni, lakini kitabuni Anne angekufa kabla ya kuitamka mezani. Mwigizaji ni hodari na maneno yanachekesha. Ila mtu anayeweza kuueleza uchungu wake kwa wepesi kiasi hicho, tena kwa wageni, uchungu wake umekwisha kuwa hadithi. Na ukishakuwa hadithi, ile miaka minane haina uzito tena, na tukio la Wentworth kurudi linakuwa kama kukutana na mchumba wa zamani harusini kwa mtu.

Filamu ya 1995 si kwamba ilifuata kila herufi. Inaongeza mengi. Inafungua kwa mashua ya wanamaji ikipigiwa makasia, habari zikipelekwa kwamba vita na Napoleon vimekwisha, hivyo unaelewa mara moja kwa nini wanaume hawa wote wamerudi nchi kavu mwaka 1814 na kwa nini wana fedha: meli ya adui ikitekwa iliuzwa, na kapteni alipata fungu lake la ngawira. Inaongeza busu barabarani mjini Bath, gwaride la sarakasi likipita nyuma yao. Kitabuni hakuna busu. Wapenzi wanaondoka kwa miguu kuelekea njia tulivu ya changarawe, na msimulizi anawaacha wazungumze. Mwishoni filamu inamweka Anne ndani ya meli pamoja na mumewe, jambo ambalo Austen hakuliandika, lakini mimi nalikubali kwa moyo wote, kwa kuwa mbegu yake imo kitabuni: Bi Croft, dada yake Wentworth, anasimulia jinsi alivyoivuka Atlantiki mara nne akiwa na mumewe, na kwamba hakuwahi kuwa mgonjwa wala mwoga isipokuwa ule msimu mmoja aliobaki peke yake nchi kavu. Anne aliyasikia maneno hayo, kama anavyoyasikia maneno yote, akanyamaza. Filamu ilikumbuka kwamba aliyasikia.

Nawasikiliza.

Mchangiaji, Nakuru

Mwalimu, habari za Kisumu. Nimesoma uzi wako mara mbili na nakushukuru, hasa kwa lile onyesho la mtoto, ambalo nilikuwa nimelipita mbio. Hata hivyo naomba nisimame upande wa pili kwa heshima, kwa sababu naona kuna jambo umelinyima filamu ya 2022 ambalo ni haki yake.

Umesema msimulizi huingia kichwani mwa Anne na kutoka. Ni kweli, lakini msimulizi huyo si mpole. Ana ulimi. Ndiye anayetuambia habari za Sir Walter na vioo vyake, na Admirali Croft alipoingia chumba cha kuvalia cha jumba lile ilibidi aviondoe vingi kwa sababu hakuwa na mahali pa kujificha na sura yake mwenyewe. Ndiye anayemtazama Bi Musgrove akimlilia kwa kishindo mwanawe marehemu ambaye alipokuwa hai hakuna aliyemjali, na hatuonei huruma machozi hayo. Kitabu hiki kinachoma. Ukiiondoa sauti hiyo unabaki na huzuni, pwani ya mji wa Lyme na mishumaa, na nadhani filamu ya 1995, pamoja na uzuri wake wote, kwa sehemu kubwa imebaki na huzuni. Mwelekezi wa 2022 alijiuliza: sauti hii ya msimulizi niiweke wapi? Akaiweka kinywani mwa Anne. Huenda alikosea mahali pa kuiweka, lakini hakukosea kuona kwamba ipo na kwamba inastahili kusikika.

La pili ni langu binafsi. Katika filamu hiyo Lady Russell anaigizwa na Nikki Amuka-Bird, mwanamke Mwafrika, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Umesema tumemwona Lady Russell. Mimi nilimwona siku hiyo, kwa macho. Alipoketi na Anne na kuzungumza naye kwa ile sauti ya mtu mzima anayejua dunia, nilimwona mama yangu mkubwa wa Njoro, kofia na yote. Nilipokuwa shuleni vitabu hivi niliviona ni vya watu wa mbali wanaokunywa chai; filamu ile ndiyo iliyonifanya nikitafute kitabu, nikakipakua bure kwenye simu kwa kuwa hakilindwi tena na hakimiliki, nikakisoma ndani ya matatu nikienda kazini na kurudi. Nisingeanza na ile ya 1995. Ningelala.

Swali langu kwako, Mwalimu: kama Anne haongei, na msimulizi hawezi kuingia kwenye filamu, je, mtazamaji ambaye hajasoma kitabu atajuaje kwamba Anne ana akili na si mpole tu?

Mchangiaji, Kakamega

Nawasalimu nyote wawili. Mimi ni mzee kidogo kuliko ninyi, na nilikisoma kitabu hiki kwa sababu binti yangu alikiacha nyumbani. Naongeza mawili.

Kwanza, hakuna aliyemtaja Bi Smith, na ninashangaa, kwa maana bila yeye hatumjui William Elliot, yule binamu mrithi anayemtaka Anne. Bi Smith ni rafiki wa Anne wa shuleni, mjane, mgonjwa wa viungo, anayeishi katika vyumba viwili duni mjini Bath na kufuma vitu vidogo vya kuuza. Anne anaacha mwaliko wa ndugu wenye cheo ili akamtembelee, na Sir Walter anashangaa binti yake atamtembelea vipi mjane mwenye jina la kawaida kama Smith. Filamu ya 2022 imemfuta kabisa, ikamwacha Henry Golding, anayemwigiza Elliot na ambaye nakiri anavutia, aungame hila zake mwenyewe kwa tabasamu. Filamu ya 1995 imembakiza Bi Smith, lakini imebadilisha hila yenyewe: humo Elliot anamtaka Anne kwa kuwa fedha zimemwishia. Kitabuni ana mali tele. Anachoogopa ni Sir Walter kuoa tena na kupata mtoto wa kiume, jambo ambalo lingemkosesha cheo. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayewinda fedha kwa njaa, tunamwelewa. Aliyeshiba na bado anawinda jina ndiye Austen aliyetaka tumwogope.

Pili, mnazungumza kana kwamba kitabu kinasema Lady Russell alikosea na Anne alikosea kumsikiliza. Nendeni mkaisome tena sura ya 23. Baada ya kupatana, Anne anamwambia Wentworth waziwazi kwamba alifanya sawa kumtii Lady Russell, ingawa ushauri wenyewe ulikuwa na makosa, kwa kuwa alikuwa kwake mahali pa mzazi, na kwamba kama angeendelea na uchumba angeteseka zaidi dhamirini. Anaongeza kwamba yeye mwenyewe hangempa mtu mwingine ushauri kama ule. Nimelea mabinti watatu na maneno hayo yalinikosesha usingizi. Filamu ina dakika ngapi za kulisema jambo kama hilo baada ya wapenzi kupatana? Watazamaji wanatafuta viatu. Hapo kitabu hakina mpinzani, na si kosa la mwelekezi yeyote.

Mwanzilishi wa uzi, Kisumu

Mzee wetu wa Kakamega, nakushukuru sana, na dada wa Nakuru, umenibana vizuri. Nianze nawe, dada.

Nakubali kuhusu msimulizi. Nilipokuwa naandika juzi nilimsahau, kwa sababu nilikuwa namfikiria Anne peke yake, na ni kweli kwamba kitabu kina ulimi mkali ambao filamu ya 1995 inaugusa kwa ncha tu, hasa kupitia Corin Redgrave anayemwigiza Sir Walter kwa majivuno yanayokaribia kuwa ugonjwa, na kupitia Sophie Thompson, ambaye Mary wake anaumwa kila asipotazamwa. Nakubali pia kuhusu Lady Russell wa Nikki Amuka-Bird. Sina la kujibu hapo, kwa kuwa kitu ambacho mtu amekiona kwa macho ya nyumbani kwake hakibishiwi.

Lakini sauti ile kali ya msimulizi ni ya mtu ambaye mambo haya hayamuumizi. Anaweza kuwacheka akina Elliot kwa sababu hakula meza moja nao kwa miaka 27. Anne amekula. Austen aliwatenganisha hawa wawili kwa makusudi, mmoja akiwa na maneno yote na mwingine akiwa na moyo wote, na ukiwaunganisha katika mwili mmoja, unapata mtu wa tatu ambaye hayumo kitabuni: msichana mcheshi asiyekosa jibu. Msichana huyo asingeshawishiwa na Lady Russell hata kwa saa moja. Angemjibu pale pale.

Umeniuliza mtazamaji atajuaje kwamba Anne ana akili. Nadhani jibu liko Lyme. Louisa Musgrove, dada yake Charles, anaruka kutoka kwenye ngazi za gati la mawe, anaruka mara ya pili akiwa amekatazwa, anawahi kwa nusu sekunde kabla Wentworth hajawa tayari kumdaka, na msichana analala chini kama maiti. Wanaume wenye vyeo vya vita wanapigwa na butwaa. Mary anapiga mayowe. Wentworth, kapteni aliyeteka meli za adui, ameegemea ukuta akiomba msaada kama mtoto. Anayesema aitwe daktari ni Anne, na Wentworth anapotaka kukimbia kumleta, ni Anne anayekumbuka kwamba Kapteni Benwick, ofisa mwenzake anayeishi pale, ndiye anayeujua mji. Kwa mara ya kwanza kila mtu anamgeukia aambiwe la kufanya. Mtazamaji asiyesoma kitabu ameona mwanamke amekaa kimya kwa karibu nusu ya filamu, kisha anamwona katika dakika moja akiwa ndiye mtu mzima pekee mahali hapo. Kama angekuwa ametuzungumzia muda wote, dakika ile isingekuwa na nguvu.

Mzee, kuhusu sura ya 23, umenikumbusha jambo ambalo lilipaswa kuwa katika andiko langu la kwanza. Austen aliumaliza mswada wa riwaya hii mwezi Julai 1816, mwisho ukiwa tofauti na tunaousoma. Katika mwisho ule wa kwanza, Admirali anamtuma Wentworth akamuulize Anne kama ni kweli anaolewa na William Elliot na kama watalitaka jumba la Kellynch. Anne anakanusha, wanatazamana, wanapatana. Austen hakuridhika. Akaziandika upya sura hizo, akamaliza mapema mwezi Agosti, na mwaka uliofuata, Julai 1817, akafariki akiwa na miaka 41. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka huo yeye akiwa hayupo. Kurasa za mwisho ule wa kwanza zipo hadi leo, katika Maktaba ya Uingereza.

Alichoweka badala yake ni lile onyesho la hotelini, White Hart. Wentworth yuko mezani anaandika barua. Anne yuko dirishani na Kapteni Harville, rafiki wa Wentworth, wanajadiliana ni nani adumuye katika mapenzi, mwanamume au mwanamke. Harville anasema vitabu vyote vinawasema wanawake kuwa vigeugeu; Anne anamjibu kwamba hakubali vitabu viwe ushahidi, kwa kuwa kalamu imekuwa mikononi mwa wanaume. Na muda mfupi kabla ya hapo, kwenye meza ile, kalamu ya Wentworth ilikuwa imeanguka. Anne alishtuka kugundua kwamba yuko karibu kuliko alivyodhani. Kisha anasema kwamba haki moja anayodai kwa ajili ya wanawake, haki isiyo ya kuonewa wivu, ni kupenda kwa muda mrefu zaidi hata matumaini yanapokuwa yamekufa. Mtu ambaye sura 22 zote amekuwa akisikia ya wengine bila kukusudia, sasa yeye ndiye anayesikiwa. Wentworth hajibu kwa mdomo. Anachukua karatasi na kuandika kwamba hawezi tena kusikiliza akiwa kimya, kwamba nusu yake ni uchungu na nusu ni tumaini.

Filamu ya 1995 ilifanya jambo ambalo nililitambua tu nilipoitazama mara ya pili: ilichukua miisho yote miwili. Wentworth analetwa na ujumbe wa Admirali kuhusu jumba, kama katika zile kurasa zilizotupwa, Anne anakanusha, lakini hawapatani pale. Inabidi wafike White Hart, inabidi Anne asikike kwanza. Na barua inaposomwa, sauti ya Hinds na sauti ya Root zinapishana juu ya maneno yaleyale, kana kwamba hatimaye wanayatamka pamoja. Ndiyo maana nasema aliyeiandika filamu hiyo, Nick Dear, alikisoma kitabu kwa jicho la mwandishi.

Kuhusu swali lako zito, Mzee, kama Anne alifanya sawa kutii, nilimuuliza dada yangu jana. Hakunijibu. Aliniomba kitabu. Asubuhi nilikiona juu ya meza ya jikoni, kimefunuliwa na kulazwa kifudifudi kando ya birika, naye alikuwa amefika Lyme.